Sumu za Kuulia Wadudu: Yaliyobadilika katika Sheria na Yampasayo Mkulima

Karatasi hii yaandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye shamba dogo, anunuaye dawa ya wadudu kwa fedha yake mwenyewe na kuinyunyiza kwa mkono wake mwenyewe. Shabaha yake ni kumjulisha mambo mawili. La kwanza, ya kuwa mwaka 2025 mataifa yalikata shauri juu ya dawa kadha wa kadha zilizotumika kwa miaka mingi katika mashamba ya Afrika ya Mashariki. La pili, ya kuwa usajili wa dawa ni ahadi iliyoandikwa, yenye masharti na yenye mwisho. Na mkulima asiyeyajua masharti hayo aweza kupoteza afya, mazao na soko kwa pamoja.

Maneno ya sheria huchosha, nasi tumejaribu kuyaeleza kwa mifano ya shambani. Asiyejua kusoma na asomewe na mtoto wake au jirani yake, kisha mambo haya yazungumzwe barazani na katika vyama vya ushirika.

1. DAWA NA SUMU

Katika lugha yetu neno dawa ni moja kwa kitu kimponyacho mtoto homa na kwa kitu kiuacho kiwavi katika nyanya. Jina hili limewadanganya wengi, wakaweka chupa ya shamba karibu na chupa ya kikohozi. Sheria ya Tanzania hutumia neno kiuatilifu, na ndani ya neno hilo zimo dawa za wadudu, za ukungu, za magugu na za panya. Katika karatasi hii tutasema dawa, kama wasemavyo watu madukani, lakini msomaji akumbuke kila mara ya kuwa twasema habari za sumu.

Sumu nyingi za wadudu hufanya kazi katika mishipa ya fahamu. Mdudu anapotaka kusogeza mguu, ujumbe hupita katika mshipa, kisha mwili wake huuzima ujumbe huo ili mguu upumzike. Sumu huharibu kile kiuzimacho. Basi ujumbe hauzimiki, na mdudu hutetemeka mpaka afe. Mwili wa mwanadamu nao una mishipa ya namna hiyo, na huzima ujumbe kwa njia hiyohiyo. Ndiyo sababu mtu aliyenyunyiza bila kujikinga huumwa na kichwa, mate na jasho humtoka kwa wingi, macho humfifia, misuli hutetemeka na pumzi humwia nzito. Wengi hudhani ni uchovu wa jua, wakaenda kulala. Kumbe sumu imekwisha kuingia mwilini.

2. MAANA YA KUSAJILIWA

Kila nchi ya Afrika ya Mashariki ina sheria ya kuzuia dawa isiuzwe kabla haijachunguzwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Afya ya Mimea, Namba 4 ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ijulikanayo kwa herufi TPHPA, yenye makao yake Arusha. Mamlaka hiyo ndiyo iliyorithi kazi ya taasisi ya utafiti wa viuatilifu iitwayo TPRI, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kenya nayo ina bodi yake, PCPB, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1982.

Mwenye dawa huleta maelezo ya sumu yake, sampuli, na kibandiko anachokusudia kukitia juu ya chupa. Sampuli hupimwa, na dawa hujaribiwa. Ikikubaliwa huandikwa katika daftari na kupewa namba. Namba hiyo haisemi ya kuwa dawa haina madhara. Yasema hivi: dawa hii yaweza kuuzwa, kwa zao hili, juu ya mdudu huyu, kwa kipimo hiki, na mavuno yangojwe siku kadha wa kadha baada ya kunyunyiza. Kila neno katika maneno hayo ni sehemu ya ruhusa. Ukiondoa moja, ruhusa haipo tena. Dawa iliyosajiliwa kwa pamba haikusajiliwa kwa mchicha, maana pamba haipikwi, na mchicha huvunwa leo ukaliwa leo.

Tena usajili una muda wake. Muda ukiisha, mwenye dawa hana budi kuomba upya, na serikali yaweza kukataa. Hata kabla ya muda kuisha, ruhusa yaweza kuondolewa, kwa sababu elimu huongezeka.

Mfano ulio mashuhuri ni DDT. Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua ya kuwa unga huo huua wadudu wa kila namna, na mwaka 1948 akapewa tuzo ya Nobel kwa ugunduzi wake. Ilisifiwa kote duniani. Baadaye ikaonekana ya kuwa DDT haiozi upesi. Hukaa ardhini miaka mingi, huingia katika samaki na ndege, na hujilimbika katika mafuta ya mwili wa mwanadamu na katika maziwa ya mama. Mwaka 1972 Marekani iliikataza mashambani, na chini ya Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 imebakizwa kwa kazi moja tu, yaani kupigana na wadudu waletao maradhi kama malaria, kwa masharti. Dawa haikubadilika hata kidogo katika miaka ile. Kilichobadilika ni ujuzi wa watu juu yake.

3. MASHAURI YA GENEVA, MWAKA 2025

Tangu tarehe 28 Aprili hadi tarehe 9 Mei 2025, wajumbe wa mataifa walikutana Geneva, katika nchi ya Uswisi, kushauriana juu ya sumu. Mikataba miwili iliyotumika huko yamhusu mkulima, na yafaa aijue tofauti yake.

Mkataba wa Stockholm ni wa kufunga mlango. Sumu ikiwekwa katika orodha yake ya kukomeshwa, nchi zilizo katika mkataba hupaswa kuacha kuitengeneza na kuitumia, isipokuwa kwa matumizi machache yaliyotajwa na kwa muda maalumu.

Mkataba wa Rotterdam ni wa kubisha hodi. Sumu iliyo katika orodha yake haikukatazwa ulimwenguni. Lakini nchi inayotaka kuiuza nje haina ruhusa kuingia kimya kimya. Hupaswa kubisha hodi kwanza, na nchi inunuayo, ikiisha kupewa habari zote za hatari, hujibu: karibu, au sitaki, au karibu kwa masharti.

Sasa tuzieleze dawa zenyewe.

Klorpirifosi. Juu ya kibandiko huandikwa kwa herufi hizi: CHLORPYRIFOS. Imeuzwa duniani tangu mwaka 1965, na wakulima wameitumia juu ya wadudu wa pamba, mahindi, kahawa na mboga, na juu ya mchwa. Huko Geneva iliwekwa katika orodha ya kukomeshwa ya Mkataba wa Stockholm, pamoja na ruhusa za muda kwa mazao na wadudu waliotajwa kwa majina. Sababu zake ni hizi. Dawa hii husafiri mbali. Imekutwa hata katika nchi za barafu za kaskazini ya dunia, ambako hakuna mtu aliyelima wala kunyunyiza. Tena huhofiwa sana kwa ajili ya ubongo wa mtoto aliye tumboni na wa mtoto mchanga. Marekani iliiondoa katika matumizi karibu yote ya nyumbani tangu mwaka 2001, na nchi za Umoja wa Ulaya ziliikomesha mashambani mwaka 2020.

Jambo hili la watoto yafaa litazamwe kwa makini. Mwanamke mjamzito aliyekwenda kupalilia shamba lililonyunyizwa jana haoni kitu. Hatapiki wala haumwi. Mtoto huzaliwa, naye aonekana mzima. Hasara, ikiwapo, huonekana baada ya miaka, mtoto anapokawia kujifunza, na hakuna atakayekumbuka bomba la siku ile. Kwa hiyo mtu asiseme: "Mimi nimeitumia miaka ishirini na sijafa." Swali halikuwa la kufa kwa mwenye bomba peke yake.

Fenthioni. Dawa hii mkulima hainunui dukani. Ni ile ya nguvu nyingi inyunyizwayo kwa ndege za serikali juu ya mazalio ya kwelea kwelea. Huko Geneva namna yake iliyo kali, yenye gramu 640 au zaidi za sumu katika kila lita, iliwekwa katika orodha ya Mkataba wa Rotterdam, baada ya nchi ya Chad kuleta shauri hilo na mazungumzo kuendelea katika mikutano mingi.

Wakulima wa mtama, uwele na mpunga hawahitaji kuelezwa uovu wa kwelea kwelea. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Basi kundi la ndege 2,000,000 laweza kumaliza tani 20 kwa siku moja. Kwa sababu hiyo hakuna aliyesema ndege waachwe. Lakini fenthioni haichagui: mwewe, bundi na tai wanaokula mizoga ya kwelea hufa nao, na mtu anayeokota ndege waliokufa akawapika hula sumu. Kwa hivi, mahali palipotangazwa kunyunyizwa, mifugo iondolewe, maji yafunikwe, wafuga nyuki waarifiwe mapema, na ndege waliokufa wasiokotwe hata mmoja. Tangu zamani watu wa Kondoa wamewanasa kwelea kwa mitego wakawafanya kitoweo. Nyama ya ndege walionaswa hivyo haina hatari hii, wala njia hiyo haimdhuru mwewe.

Karbosalfani. Hii nayo iliwekwa katika orodha ya kubisha hodi. Ikiisha kunyunyizwa hugeuka kuwa karbofurani, sumu iliyojulikana sana kwa jina la Furadan, ambayo wafugaji wengine waliitia katika mizoga ili kuua simba. Karbofurani yenyewe iliingia katika orodha hiyo mwaka 2017.

Mkulima aelewe vizuri: shauri likiisha kukatwa Geneva, kila nchi huliingiza katika sheria zake kwa tarehe zake. Kwa hiyo chupa yaweza kuonekana dukani katika nchi moja na kuwa imekatazwa katika nchi ya jirani. Wakaao mpakani, kama Namanga, Holili na Sirari, waangalie sana. Dawa iliyovushwa kutoka ng'ambo ya pili bila namba ya nchi yako ni dawa isiyosajiliwa, hata kama kule itokako ni halali.

4. HABARI ZA KENYA NA SOKO LA ULAYA

Mwezi wa Juni 2025 serikali ya Kenya ilitangaza kuondoa sokoni makumi ya dawa baada ya kuzichunguza upya, na nyingine nyingi zaidi kuziwekea masharti. Masharti hayo yaweza kuwa ya kukataza dawa katika mazao fulani tu, ikaachwa katika mengine. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Je, dawa hii ingalipo?" Yapasa kuuliza, "Je, ingalipo kwa zao langu?"

Wakulima wa maharage mabichi wa Kenya walijifunza jambo hili kwa hasara. Dawa ya dimethoeti ilikuwa imezoeleka sana katika mboga. Masalio yake yalipokutwa katika maharage na njegere zilizofika Ulaya, tangu mwanzo wa mwaka 2013 mizigo 10 katika kila mizigo 100 ya mazao hayo ilipaswa kupimwa mpakani. Mzigo ukingojea vipimo, maharage hunyauka. Na ukikutwa na kosa, hukataliwa. Wanunuzi wakaogopa kununua kwa wakulima wadogo, kwa kuwa hawakuweza kujua ni nani alinyunyiza nini. Hivyo hata aliyefuata sheria aliumia kwa ajili ya jirani yake. Kenya ikaikataza dawa hiyo katika mboga na matunda, na mwaka 2019 Ulaya nayo ikaacha kuiruhusu.

Huenda mkulima akauliza: kipimo chao ni kikali kiasi gani? Kwa dawa isiyoruhusiwa, mara nyingi kiasi kinachovumiliwa Ulaya ni miligramu 0.01 katika kilo 1. Tuseme unayo magunia 1,000 ya maharage, kila gunia kilo 100. Katika magunia hayo yote, sumu isizidi gramu 1. Kwa kipimo kama hicho, hata mabaki ndani ya bomba lisilooshwa, au upepo kutoka shamba la jirani, waweza kuharibu mzigo wa chama kizima.

Wengine watasema: "Mimi nauza sokoni kwetu, wala hapana mzungu apimaye nyanya zangu." Ni kweli, huenda asiwepo apimaye. Lakini walaji wa nyanya hizo ni watoto wa kijiji kile kile, na tumbo la mtoto wa kwetu si gumu kuliko tumbo la mtoto wa Ulaya.

5. JINSI YA KUSOMA KIBANDIKO

Kibandiko ndicho sheria yenyewe ilivyofika mkononi mwa mkulima. Kabla hujatoa fedha, tazama mambo haya.

Namba ya usajili. Kila dawa halali huwa nayo. Katika Kenya namba huanza kwa herufi PCPB. Chupa isiyo na namba irudishwe kwa mwenye duka.

Lugha. Maelezo yawe katika lugha unayoielewa. Chupa yenye maandishi ya lugha ya kigeni usiyoijua, bila Kiswahili, ni ishara mbaya.

Rangi ya mkanda ulio chini. Nyekundu ni sumu kali kabisa. Manjano ni sumu ya kudhuru sana. Buluu ni ya kadiri. Kijani ni ya hatari ndogo ikitumiwa kama ilivyoamriwa. Mtu asidhani ya kuwa kijani ni maji ya kunywa.

Jina la sumu yenyewe. Hapa wengi hupotea. Kila dawa ina majina mawili: jina la biashara, lililoandikwa kwa herufi kubwa na picha nzuri, na jina la sumu, lililoandikwa kwa herufi ndogo. Sumu moja yaweza kuuzwa kwa majina kumi ya biashara. Mkulima hununua chupa ya kwanza, wadudu hawafi. Hununua ya pili yenye jina jingine na rangi nyingine, wadudu hawafi. Kumbe zote ni sumu ileile. Sheria nayo ikiondoa klorpirifosi, huiondoa chini ya kila jina. Kwa hiyo tafuta herufi ndogo.

Kipimo. Tuseme kibandiko chaamuru mililita 40 kwa lita 20 za maji, na bomba lako lachukua lita 16. Basi kipimo chako ni mililita 32. Ukitia 40 umezidisha. Ukitia 20 umewafundisha wadudu kuizoea dawa. Tumia kikombe chenye alama, wala usitumie kijiko cha jikoni.

Siku za kungoja. Kama zimeandikwa siku 14, nawe umenyunyiza tarehe 1, usivune kabla ya tarehe 15. Bei ya sokoni ikipanda tarehe 8, siku za kungoja hazipungui.

Tarehe ya mwisho. Dawa iliyopita tarehe yake hupoteza nguvu, na nyingine hugeuka kuwa mbaya zaidi.

6. DAWA YA KUPIMIWA

Iko desturi katika maduka mengi ya kumpimia mkulima dawa kidogo katika chupa ya soda au ya maji. Twajua sababu yake: chupa nzima ni ghali, na shamba ni dogo. Lakini tazama kinachopotea. Kibandiko hubaki dukani. Hapana namba, hapana jina la sumu, hapana kipimo, hapana siku za kungoja. Mkulima huenda na maneno ya mwenye duka kichwani, na dawa aweza kuwa ameongezewa maji. Baya kuliko yote, nyumbani iko chupa ya soda yenye kitu cha kimiminiko, na mtoto mwenye kiu hajui tofauti.

Iko njia ya kukwepa jambo hili. Wakulima watatu au wanne wenye zao moja wanunue chupa moja iliyofungwa, wanyunyize mashamba yao siku moja kwa kutumia chupa hiyo hiyo yenye kibandiko, na chupa isigawanywe kamwe. Chama cha ushirika chaweza kusimamia kazi hii na kumweka mtu mmoja aliyefundishwa kunyunyizia wengine, mwenye mavazi ya kujikinga.

7. DAWA ILIYOONDOLEWA ILIYOMO GHALANI

Dawa inapokatazwa, wengine huona hasara, wakaharakisha kuimaliza shambani. Wengine huimwaga mtoni au huichimbia shimo. Yote hayo ni mabaya. Sumu iliyozikwa haijafa. Huko Vikuge, karibu na Kibaha katika Mkoa wa Pwani, dawa zilizopitwa na wakati ziliwekwa ghalani katika miaka ya 1980. Ghala likaharibika, dawa zikaingia ardhini, na miaka mingi baadaye wataalamu waliokwenda kupima bado walikuta DDT katika udongo.

Mwenye dawa ya namna hiyo aiache katika chupa yake ya asili, aifunge vizuri, aiweke mahali penye kufuli mbali na chakula na maji, kisha amwarifu afisa kilimo wa kata yake. Chupa tupu nazo zisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe ndani ya bomba yatumike shambani, kisha zitobolewe ili zisitumike tena kuwekea mafuta wala maziwa.

8. WADUDU WATAUAWA NA NINI?

Ni haki mkulima kuuliza hivi. Kantangaze aliingia katika nyanya za Tanzania mwaka 2014, na viwavijeshi vamizi katika mahindi mwaka 2017. Wadudu hawa wawili wamewafukarisha watu wengi, na dawa mpya mara nyingi zina bei kubwa kuliko zile za zamani. Basi kuondolewa kwa dawa ya bei rahisi ni mzigo wa kweli, wala hatusemi ya kuwa ni jambo jepesi.

Lakini tutazame jinsi wadudu hao waishivyo. Kiwavi wa kantangaze hukaa ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ngozi ya chini, na dawa nyingi hupita juu yake bila kumgusa. Anyunyizaye kila siku ya tatu hutumia fedha nyingi, na wadudu wachache wanaosalimika huzaa watoto walioizoea sumu. Afadhali kuanza na mitego yenye harufu ya jike inayowanasa madume, kuteketeza masalio ya nyanya mara baada ya kuvuna, na kutopanda nyanya, viazi wala biringanya mahali hapo msimu ufuatao. Dawa ikihitajika, ichaguliwe iliyosajiliwa kwa mdudu huyo, kisha mara nyingine itumike ya kundi tofauti. Namba ya kundi mara nyingi huandikwa juu ya kibandiko.

Kwa mahindi, mkulima apite shambani mara mbili kwa wiki tangu mimea ingali midogo, aponde mayai yaliyo chini ya majani, na akinyunyiza alenge moyo wa mmea viwavi wangali wadogo. Kiwavi mkubwa aliyejificha ndani hafi kwa urahisi. Katika Kenya ya magharibi, wataalamu wa icipe pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walianzisha katika miaka ya 1990 njia iitwayo sukuma-vuta: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi, harufu yake ikawasukuma nondo, na mabingobingo hupandwa ukingoni yakawavuta. Mimea yote miwili ni malisho ya ng'ombe.

Tena tusisahau ya kuwa pareto, ua lilimwalo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ni dawa ya wadudu inayooza upesi juani. Nayo, kama mwarobaini, ikiuzwa dukani yapasa iwe na namba ya usajili kama nyingine.

9. MTU AKILISHWA SUMU

Mwondoe shambani mara moja. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe mwili na nywele kwa maji mengi na sabuni. Usimlazimishe kutapika isipokuwa kibandiko kimeamuru hivyo. Usimpe maziwa ukidhani yataua sumu. Maziwa si dawa yake, na muda unaopotea waweza kuwa ndio uhai wake. Mpeleke hospitali, na chupa yenye kibandiko iende pamoja naye, maana mganga hawezi kuchagua dawa ya kumwokoa asipojua jina la sumu.

MUHTASARI

(1) Kila mwanzo wa msimu, kabla ya kununua, mwulize afisa kilimo au ofisi ya Mamlaka: dawa hii ingali imesajiliwa, na kwa zao langu?

(2) Tafuta jina la sumu katika herufi ndogo, na klorpirifosi uiangalie kwa namna ya pekee.

(3) Usinunue dawa isiyo na namba, iliyopimiwa chupani, wala iliyovushwa mpaka kwa siri.

(4) Fuata kipimo na siku za kungoja bila kupunguza wala kuongeza.

(5) Wajawazito, wanyonyeshao na watoto wasinyunyize, wasifue nguo za mnyunyizaji, wala wasiingie katika shamba lililonyunyizwa karibuni.

(6) Andika katika daftari tarehe, zao, jina la dawa na kipimo. Mnunuzi akiuliza, daftari hilo ndilo shahidi wako.

(7) Dawa iliyokatazwa isimwagwe, isizikwe, wala isimalizwe kwa haraka, itolewe taarifa.

(8) Usitumie sumu mahali ambapo mkono, mtego au mpango mzuri wa kupanda vyatosha.

Karatasi hii na itundikwe mahali pa mkutano, na aliyeisoma amsomee asiyeisoma.